ARDHI YETU IPIMWE, NA MAJIBU YASOMWE HADHARANI



Sisi watu wa Magomeni, na Mtwara nzima kwa jumla, hatuhitaji mtu wa kutufundisha hasara ya kutoupima udongo. Hasara hiyo twaitazama kila siku tukielekea baharini. Bandari yetu ilianza kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakamiminika, misitu ikang'olewa, reli ikatandikwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Lakini wale waliotumwa kuitazama nchi waliitazama kwa majuma machache tu, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani, wamekaa ndani ya eropleni. Mvua ilipokatika, udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, na karanga zikakwama chini. Mwaka 1951 mpango ukatupwa. Zaidi ya pauni milioni 36 zilikwenda na vumbi. Baadaye reli nayo ikang'olewa. Bandari ikabaki.

Twaikumbusha habari hii, lakini si kwa kumcheka mkoloni. Mkoloni alikwisha kwenda zake. Twaikumbusha ili tujiulize sisi wenyewe, tulio huru tangu mwaka 1961: je, sisi tunaujua udongo wetu? Tunayajua maji yaliyo chini ya miguu yetu? Au nasi tunaitazama nchi yetu kutoka angani, kwa madirisha ya ofisi na vioo vya magari?

Jambo tunalolisema leo ni moja. Kila mahali palipowekwa dawa za sumu, mafuta au taka za viwanda pana haki ya kupimwa udongo wake, na kuchimbiwa visima vya kuchunguza maji yake. Na majibu ya vipimo hivyo ni mali ya watu wanaokaa juu ya ardhi hiyo. Anayeyafungia kabatini anatuibia.

VIKUGE: GUNIA LILIONDOKA, SUMU IKABAKI

Wako watakaosema kwamba tunawatisha watu kwa mambo ya kubuni. Basi na twende pamoja mpaka Vikuge, karibu na Kibaha, Mkoa wa Pwani, tukajionee.

Mwaka 1986 shamba la Serikali la Vikuge lilipokea shehena kubwa ya dawa za kuua wadudu kutoka Ugiriki. Ilikuwa zawadi. Lakini sehemu ya zawadi hiyo ilikuwa imekwisha pitwa na wakati. Dawa zikawekwa katika banda, banda likachakaa, mwisho likaanguka. Mvua ikanyesha juu ya sumu miaka na miaka. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yakaondolewa, na bila shaka wako waliopumua wakasema, "Kazi imekwisha."

Kazi haikwisha. Wachunguzi walikwenda wakachukua udongo wa juu, wakachukua na wa chini, mpaka kina cha sentimita 50. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Katika udongo wa juu walikuta sampuli yenye mabaki ya DDT asilimia 28, na HCH asilimia 6. Sikilizeni vizuri, ndugu zetu. Hatusemi chembe moja katika milioni. Asilimia 28 maana yake ukichota kilo moja ya udongo huo, zaidi ya robo kilo si udongo tena bali ni sumu. Dawa nyingine za namna nyingi zikaonekana pia. Na maji, ya visima na ya juu ya ardhi, yalikutwa na sumu hizo hadi mikrogramu 30 kwa lita moja. Mikrogramu ni kitu kidogo sana, sehemu moja ya milioni ya gramu. Lakini huko Ulaya, dawa hizo zilikotoka, sheria ya maji ya kunywa haivumilii zaidi ya nusu mikrogramu kwa lita, dawa zote zikijumlishwa pamoja. Hesabu wenyewe: 30 ni mara sitini ya nusu.

Wachunguzi hao walisema wazi kwamba udongo uliobaki Vikuge ulikuwa wenyewe ni taka ya hatari. Hilo ndilo fundisho letu. Kuondoa magunia si kuondoa sumu. Fagio halifiki inakofika mvua.

Wala Vikuge haikuwa peke yake katika Afrika. Mwaka 1988 mji mdogo wa bandari wa Koko, huko Nigeria, ulikutwa umejazwa maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia, yamelazwa katika kiwanja cha mtu. Kwa uchungu wa mambo kama hayo nchi za Afrika ziliandika Mapatano ya Bamako mwaka 1991, kukataza taka za hatari kuletwa barani mwetu. Vizuri sana. Lakini mapatano yanazuia pipa linalokuja. Hayachimbui pipa lililokwisha vuja.

NA HAPA KWETU JE?

Mtwara ni nchi ya korosho. Ubwiri unga ulipoivamia mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970, mavuno yalianguka vibaya, na watu wengi waliacha mashamba yao. Salfa ndiyo iliyoturudisha mashambani. Hatuitukani salfa. Mkulima asiyepuliza salfa hupata maua yasiyozaa. Lakini ukweli usemwe wote, si nusu. Salfa ikianguka chini, vijidudu vya udongo huigeuza kuwa asidi. Udongo wetu ni mchanga, hauna nguvu ya kuishinda asidi hiyo. Wachunguzi walipima udongo chini ya mikorosho iliyopulizwa hapa kusini katika miaka ya 1990, wakakuta asidi imezidi. Mkorosho ni mti mvumilivu, utasimama. Lakini mahindi, kunde na njugu za yule mama aliyepanda katikati ya mikorosho hazina uvumilivu huo. Mizizi yao huchomeka kimya kimya, na mama atasema ardhi imechoka. Ardhi haikuchoka. Ardhi imekuwa chungu, na dawa yake ni chokaa, lakini nani atajua kiasi cha chokaa bila kupima?

Salfa ni jambo la wazi, na si sumu kali kama ile ya Vikuge. Linalotutia hofu zaidi ni yale tusiyoyajua. Kwa miaka mingi dawa za kuua wadudu za kila namna zimepita katika maghala ya mkoa huu. Baadhi ya maghala ya zamani yamegeuzwa matumizi, mengine yamebomolewa, watu wakajenga. Ziko gereji zinazomwaga oili chafu mchangani. Yako matangi ya petroli yaliyozikwa chini ya ardhi, na tangi la chuma likizeeka huliwa na kutu. Petroli ikivuja hushuka mpaka kwenye maji, ikaelea juu yake, ikasafiri nayo. Nchi yetu ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe, na katika nchi ya namna hiyo maji hutembea upesi. Uchafu wa mtaa huu waweza kuwa kinywaji cha mtaa wa pili.

Na sisi kinywaji chetu kinatoka chini. Visima vya Mtawanya ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya mji huu, na mitaani kila penye shida ya bomba watu huchimba kisima chao wenyewe. Basi mtu mwenye akili atauliza: je, ni maghala mangapi ya zamani yamepimwa udongo wake hapa Mtwara? Viko wapi visima vya uchunguzi kando ya matangi? Swali hili tumeliuliza.

Mmoja wetu alikwenda katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja kwa jina, akaomba majibu ya maji ya kisima kimoja cha mtaani. Akaambiwa aandike barua. Akaandika. Akaambiwa barua haina mhuri wa mtaa. Akapeleka mhuri. Akaambiwa mwenye kabati yuko safarini. Baada ya majuma sita bwana mmoja, akiwa amekaa vizuri katika kiti chake, alimwambia ati namba hizo ni za kitaalamu, mwananchi hatazielewa.

Hatazielewa! Mwananchi huyu huyu anazijua bei za korosho za mnada wa juma hili na za juma lililopita. Anakuhesabia makato ya stakabadhi ghalani kilo kwa kilo, senti kwa senti, na akidhulumiwa shilingi tano anajua. Leo ashindwe kuelewa kwamba maji yake yana sumu mara mbili ya kiasi kinachoruhusiwa? La hasha! Si kwamba hataelewa. Wanaogopa kwamba ataelewa.

KAZI YENYEWE SI UCHAWI

Kwa kuwa tumeambiwa hatutaelewa, basi tuieleze kazi hii hapa hapa gazetini, ili kila mwanachama ajue cha kudai na cha kukataa.

Upimaji wa udongo huanza kwa kuuliza wazee. Ghala lilisimama wapi? Mlango ulielekea wapi? Magunia yaliyopasuka yalifukiwa wapi? Bwana mpimaji asiyewauliza watu wa mahali hapo anapima gizani. Kisha huchorwa ramani, na eneo hugawanywa kwa mistari kama shamba la darasa. Kila penye alama huchimbwa kwa keekee ya mkono, na udongo huchukuliwa kwa vina mbalimbali, wa juu peke yake na wa chini peke yake. Ukichanganya wa juu na wa chini umeficha jibu. Keekee huoshwa kila baada ya shimo, na kazi huanzia mahali pasafi kwenda pachafu, ili sumu ya shimo moja isibebwe mpaka shimo jingine. Tena lazima uchukuliwe udongo wa mahali pengine penye mchanga wa namna ile ile lakini pasipoguswa na sumu. Huo ndio wa kulinganishia. Bila huo, mtu aweza kusema lolote.

Visima vya uchunguzi navyo vina kanuni. Kimoja hakitoshi. Maji ya chini huteremka polepole kuelekea upande fulani, na upande huo haujulikani kwa kutazama kilima. Huchimbwa visima vitatu walau, vilivyokaa kama mafiga ya jiko, kisha hupimwa urefu wa maji katika kila kimoja. Hapo ndipo mteremko hujulikana. Kimoja kiwe upande maji yanakotoka kabla ya kufika penye uchafu, vingine viwe upande yanakokwenda. Maji yakiingia masafi na kutoka machafu, mwenye ghala hana pa kujificha.

Ndani ya shimo hutiwa bomba la plastiki lenye matundu membamba upande wa chini. Kuzunguka matundu hutiwa mchanga safi wa kuchuja. Juu ya mchanga huo hutiwa bentonaiti, yaani udongo unaovimba ukipata maji, kisha saruji mpaka juu, na kifuniko chenye kufuli. Kazi hiyo ya kuziba ndiyo moyo wa kisima. Kisima kisichozibwa vizuri ni mfereji wa kuteremshia uchafu wa juu mpaka kwenye maji ya chini yaliyokuwa salama, na hapo mkandarasi mzembe atakuwa ameleta maradhi kwa jina la uchunguzi. Kabla ya kuchota sampuli, maji yaliyolala ndani ya bomba huvutwa yakatupwa mahali salama, kwa desturi mara tatu ya ujazo wa bomba, ili yachotwe maji ya ardhi na si maji ya bomba. Chupa huandikwa mahali, siku na saa, huwekwa katika barafu, na kila mkono unaozipokea hutia sahihi mpaka zinapofika maabara. Sampuli isiyo na sahihi ni kama kura isiyo na sanduku.

Je, kuna mambo gani hapo ambayo kijana wa Mtwara aliyemaliza kidato cha nne hawezi kujifunza? Keekee? Kufuli? Kuandika saa? Maabara ndiyo inayotaka mitambo na wataalamu, nasi tunawaheshimu. Lakini kazi ya shambani ni kazi ya vijana wetu, na wafundishwe waifanye.

TAHADHARI YA KISIMA CHA KUVUTA

Yakigundulika maji machafu, patakuja mabwana na mashine, watasema: "Tutachimba visima vikubwa, tutayavuta maji yote machafu, mambo yatakwisha." Sisi hatukatai visima vya kuvuta. Duniani vinatumika sana. Kisima kikiwekwa mahali pake, kikavuta kwa kipimo, huuzuia uchafu usisafiri kwenda kwa majirani. Lakini tunataka mambo matatu yajulikane kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi.

La kwanza, maji yaliyovutwa yanakwenda wapi? Yakimwagwa mtoni au katika mikoko bila kusafishwa, hapo hakuna kilichosafishwa. Uchafu umehamishwa tu kutoka kwa mchimba kisima kwenda kwa mvuvi. Lazima yapitishwe katika mitambo ya kuchuja, kama ile ya mkaa maalumu unaonasa sumu, na mkaa huo ukishajaa nao ni taka ya hatari.

La pili, si kila sumu huvutika. DDT hung'ang'ania udongo, haipendi kusafiri na maji. Utavuta miaka kumi na udongo utabaki vile vile. Hapo dawa ni kuuchimbua udongo wenyewe na kuuondoa au kuutibu. HCH husafiri na maji kuliko DDT. Basi asiyepima kwanza udongo na maji, atauza pampu penye kazi ya sepetu.

La tatu, na hili ni letu watu wa pwani. Maji matamu ya pwani yameelea juu ya maji ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini. Wataalamu wanayo kanuni ya zamani ya kukadiria: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta kwa pupa ukaishusha ile mita moja ya juu, chumvi nayo hupanda kutoka chini. Kisima kilichochimbwa ili kuondoa sumu kitaleta chumvi, na chumvi ikishaingia haitoki kwa hotuba. Kwa hiyo kisima cha kuvuta hapa Mtwara kisipewe kibali mpaka uvutaji wake umejaribiwa, na chumvi yake ipimwe kila mwezi.

WANAOTUPINGA

Tunazijua hoja za wanaotupinga. Twazijibu moja moja.

Wa kwanza husema: "Hakuna ushahidi kwamba pana uchafu." Kweli, hakuna. Hakuna kwa sababu hakuna aliyepima. Mtu akifumba macho haoni mwizi, lakini vyombo vitakwisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wa pili husema: "Fedha hakuna." Twauliza: fedha za nani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inakubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Hatuombi mkulima achangishwe. Mwenye tangi alipe kisima cha kando ya tangi lake, kama anavyolipa mlinzi wa usiku. Asipolipa yeye, tunalipa sisi kwa matumbo ya watoto wetu, na kodi hiyo haina risiti.

Wa tatu husema: "Mtawafukuza wawekezaji." Mwekezaji wa namna gani anayekimbia keekee ya mkono? Huko kwao asingeruhusiwa. Wamarekani walitunga sheria yao ya mwaka 1980 ya kuwalazimisha wachafuzi walipie usafishaji, baada ya watu wa Love Canal, mtaa uliojengwa kando ya jalala la sumu, kuhamishwa kuanzia mwaka 1978. Viwanda havikuhama Marekani kwa sababu hiyo. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliuliza kwa sauti kubwa nani atakula faida ya gesi. Swali hilo lilisikika nchi nzima. Leo twaongeza la pili: nani atakunywa uchafu wa shughuli yoyote, ya gesi, ya saruji, ya korosho au ya mafuta? Hatumshitaki mtu kabla ya kupima. Tunasema apimwe, na aliye safi atoke na cheti chake mbele ya watu, awe na fahari.

Wa nne husema: "Wanyonge hawawezi kushinda kesi za namna hii." Na watazame Mombasa. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakaingia katika udongo na katika damu ya watoto wao. Walikwenda mahakamani na vipimo mkononi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 wakanyang'anywa ushindi huo katika rufani. Hawakulala. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia. Ndugu, hawakushinda kwa machozi peke yake. Machozi hayasomeki mahakamani. Namba za damu na za udongo ndizo zilizosomeka.

TUJIKOSOE NA SISI

Haitakuwa haki kuwanyoshea wengine kidole na kuificha mikono yetu. Nani anayeosha mashine ya kupulizia kando ya kisima? Ni sisi. Nani anayechukua dumu la dawa, akalisuuza mara mbili, akalitia maji ya kunywa ya shambani? Ni sisi. Nani anayechoma magunia ya salfa nyuma ya nyumba, watoto wakicheza katika moshi? Ni sisi wenyewe, na baadhi yetu tuna kadi za chama mfukoni. Mwanachama anayetaka kumdai mwenye tangi kisima cha uchunguzi, aanze kwa kulitoboa lile dumu ili lisitumike tena, na kuoshea mashine yake mbali na maji. Ujinga ni adui yetu mmojawapo katika wale watatu wa zamani, na hajaondoka kwa kuwa bendera ilipandishwa.

TUNACHODAI

Kwanza, yaandikwe maghala yote ya zamani ya dawa, matangi yote yaliyozikwa na majalala yote katika Mtwara na Mikindani, na orodha ibandikwe katika kila ofisi ya kata.

Pili, penye shaka udongo upimwe kwa vina mbalimbali, na vichimbwe visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu. Nchi hii ina kanuni za viwango vya ubora wa udongo na za viwango vya maji tangu mwaka 2007. Viwango vipo. Kinachokosekana ni kuvitumia.

Tatu, Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo makao yake yako hapa hapa Mtwara, ishike usukani wa visima hivyo, na kituo cha Naliendele, kinachoijua mikorosho yetu, kiwasaidie wakulima kupima asidi ya mashamba yao.

Nne, vijana wa mitaa wafundishwe kuchukua sampuli, walipwe ujira wa haki, na waajiriwe kabla ya mgeni yeyote kwa kazi wanayoiweza.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, majibu yasomwe hadharani. Yasomwe katika mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, namba na kiwango kinachoruhusiwa pamoja, na nakala ibandikwe ukutani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu mwaka 2016. Hatuombi hisani.

Kwa matawi tunasema: msingoje amri kutoka juu. Juma hili kila tawi likae na wazee, liandike mahali ghala lilipokuwa, mahali watu walipoona magunia yakifukiwa, mahali mbuzi walipokufa bila sababu. Peleka karatasi hiyo kwa mtendaji, akusainie kwamba ameipokea, na nakala ibaki kwenu. Mtendaji akikataa kusaini, andikeni siku na saa aliyokataa.

Mkoloni aliitazama ardhi yetu kutoka angani akapoteza mamilioni ya pauni. Akapanda meli akaenda kwao. Sisi hatuna meli wala kwao kwingine. Maji tutakayokunywa kesho ni haya haya, na udongo tutakaozikwa ndani yake ni huu huu. Upimwe, na tuambiwe.